Chama cha wafugaji wa Jersey Tanga: tuanze na huduma ipi?

Mfugaji_Pongwe

Heshima kwenu wakuu.

Tuko wafugaji 38 wa Tanga mjini, Pongwe na Muheza. Wengi wetu tuna ng'ombe wawili hadi watano, wanafugwa bandani na kukatiwa majani. Karibu wote wana damu ya Jersey, aina ya ng'ombe wa maziwa, kwa viwango tusivyovijua. Maziwa tunapeleka kituo cha kukusanyia kupitia ushirika, kwa hiyo hapa siulizii soko la maziwa. Tunachotaka ni chama cha aina moja ya ng'ombe, chenye daftari la nasaba, kama vilivyo vyama vya Jersey na Friesian vya nchi nyingine.

Naomba kujua: ukiacha cheti, vyama hivi huwafanyia nini hasa wanachama wao? Kundi dogo kama letu lianze na lipi, na lipi lisubiri? Halafu hawa ng'ombe wasio na karatasi yoyote, mama anajulikana lakini baba ni "mbegu ya Jersey" tu, wanaingiaje daftarini?

Wenzangu kadhaa wanataka tuchapishe vyeti kwanza ili mitamba ipate bei, kumbukumbu zije baadaye. Mimi nasita. Wenye ujuzi naomba msaada.

---

Karani_wa_Nasaba

Mkuu Pongwe, umesita mahali panapostahili. Cheti cha nasaba ni nakala ya kilichoandikwa daftarini, hakuna zaidi. Daftari likiwa tupu mnamuuzia mtu karatasi, na siku akigundua, hata mitamba yenu ya kweli haitaaminiwa tena. Mtamba mwenye cheti hupata bei kwa sababu mnunuzi anaweza kuangalia mama yake alitoa maziwa kiasi gani, alizaa mara ngapi, na baba ni dume yupi.

Kila chama cha namna hii kilianza na daftari. Kisiwani Jersey kwenyewe lilifunguliwa 1866. Marekani chama cha Jersey kilianza 1868. Mengine yakaja juu ya msingi huo: kupima maziwa, kukagua umbile, kukokotoa thamani ya kurithisha ya madume, kuthibitisha wazazi kwa vinasaba, minada, maonyesho, mafunzo ya vijana. Leo chama hicho cha Marekani kina mpango uitwao REAP ambao mfugaji analipia usajili, upimaji wa maziwa na ukaguzi wa umbile kwa pamoja. Wameviunganisha kwa sababu kimoja bila kingine hakisemi mengi. Nasaba bila maziwa haikuonyeshi ng'ombe gani wa kubaki, na maziwa bila nasaba hayakuonyeshi dume gani wa kurudia.

Kwenu kazi ya kwanza ni utambuzi. Kila ng'ombe na namba moja, ya maisha, isiyotumika tena hata akifa. Majina hayatoshi, banda tatu mtaani zina "Neema" na "Bahati". Hereni za kielektroniki zina namba ya tarakimu 15, tatu za mwanzo zikiwa msimbo wa nchi au wa mtengenezaji (msimbo wa Tanzania ni 834). Ng'ombe akishakuwa nayo chini ya utaratibu wa Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya 2010, itumieni hiyohiyo kama namba ya daftari. Msibuni namba ya pili ya chama. Namba mbili kwa mnyama mmoja ni chanzo kikubwa cha makosa, maana karani mmoja huandika hii na mwingine ile, na mwisho wa mwaka mnakuwa na ng'ombe wawili pale alipo mmoja.

Hereni iingie katikati ya sikio, kati ya ile mistari miwili minene ya gegedu. Ikiwekwa karibu na ncha inachanika kwenye mbao za banda. Ikigusa mshipa inavuja damu na nzi wanatua. Koleo na ncha ya hereni vipanguswe kwa spiriti. Ndama atambuliwe ndani ya siku saba, kabla hajachanganywa na wengine. Kwa aliyekwisha kukua, piga picha mbili, ubavu wa kushoto na uso, uziambatanishe na ukurasa wake. Hereni ikidondoka picha ndiyo itakayomtambulisha.

Kuhusu wasio na karatasi: daftari lenu liwe wazi, lenye ngazi. Kenya Stud Book, daftari la nasaba la Kenya, inatumia nne: Foundation (msingi), Appendix (nyongeza), Intermediate (kati) na Pedigree (nasaba kamili). Mnyama anaingia ngazi ya chini kwa umbile lake na kumbukumbu zake, na binti zake wanapanda ngazi moja kila wanapozaliwa na dume aliyesajiliwa. Hesabu ya damu iko wazi: mama wa kienyeji kwa dume safi hutoa 50%, akipandishwa tena na dume safi 75, kisha 87.5, kisha 93.75. Kwa hiyo ng'ombe wenu wa sasa waingie msingi wote, hata kama mmiliki anaapa kwamba ni Jersey mtupu. Atakayetaka ngazi ya juu alete uthibitisho wa baba.

Karani asisajili ndama kabla ya kufanya ukaguzi huu wa dakika moja: toa tarehe ya kupandishwa kwenye tarehe ya kuzaliwa. Jersey hubeba mimba wastani wa siku 279. Jibu likiwa chini ya 265 au zaidi ya 295, baba aliyeandikwa si baba, au tarehe imekosewa, na ndama asubiri. Na mapacha waandikwe mapacha. Ndama jike aliyezaliwa na pacha dume, zaidi ya tisa kati ya kumi huwa tasa, na kumuuza na cheti bila kutaja hilo ni kumdhulumu mnunuzi.

---

Mizani_Maramba

Naongezea kwenye maziwa, kwa sababu ndiyo huduma itakayowarudishia fedha mapema kuliko zote.

Hamhitaji kupima kila siku. Utaratibu unaotumika sana duniani, chini ya viwango vya ICAR (kamati ya kimataifa ya kumbukumbu za mifugo), ni kupima siku moja kila wiki nne: jioni na asubuhi inayofuata, jumla ni maziwa ya saa 24. Akipima mtu wa chama unaitwa utaratibu A, akipima mfugaji mwenyewe ni B, wakishirikiana ni C. Kwa watu 38 mnaweza kuanza na B, ila mpimaji wa chama awapitie wachache bila taarifa kila mwezi na kulinganisha. Bila hilo namba zitaanza kunenepa pale tu mitamba itakapoanza kuuzwa kwa kumbukumbu.

Hesabu ni hii. Ng'ombe kazaa 3 Machi. Kipimo cha kwanza 20 Machi, kilo 12. Cha pili 19 Aprili, kilo 14. Kutoka kuzaa hadi kipimo cha kwanza ni siku 17, zidisha kwa 12, ni 204. Kati ya vipimo ni siku 30. Wastani wa 12 na 14 ni 13, kwa hiyo 390. Hadi hapo ametoa kilo 594. Mnaendelea hivyo hadi anapokaushwa, na siku za mwisho zinazidishwa kwa kipimo cha mwisho. Kwa kulinganisha ng'ombe na ng'ombe mnakata hesabu kwenye siku 305, hata kama anaendelea kukamuliwa.

Msipime siku nne za mwanzo, hayo ni maziwa ya dang'a na ni ya ndama. Na kipimo kisirukwe kwa sababu ng'ombe "leo hayuko sawa". Andika kilichotoka, pembeni andika sababu: joto, ugonjwa wa kiwele, majani yalikosekana.

---

Mfugaji_Pongwe

Asanteni sana, nimeelewa kwa nini vyeti visubiri. Mizani, maswali mawili. Sisi tunapima kwa lita, kwa kopo la kituoni. Inafaa? Na wengi wetu tunaacha ndama anyonye kidogo kabla na baada ya kukamua, la sivyo mama hateremshi. Hayo aliyonyonya yanahesabiwaje?

---

Mizani_Maramba

Lita zinadanganya kwa sababu ya povu, hasa kwa mkamuaji mwenye kasi. Nunueni mizani ya kuning'iniza ya saa au ya kidijitali, ya kilo 25 hivi, inayosoma gramu 100 au pungufu. Ndoo tupu ipimwe kwanza na uzito wake utolewe. Mizani tatu au nne za chama zinatosha, zinazunguka kwa zamu, na kila mwezi mnazihakiki kwa kitu chenye uzito unaojulikana. Ukilazimika kugeuza lita kuwa kilo, zidisha kwa 1.03.

Ndama: siku ya kipimo aguse chuchu kwa dakika moja tu ili mama ateremshe, kisha afungwe mbele anapoonwa na mama. Ng'ombe akamuliwe hadi mwisho, chuchu zote nne. Maziwa ya ndama anapewa kwa ndoo baada ya kupima. Mkikamua chuchu tatu na kumwachia ndama moja, kumbukumbu inakuwa ya ng'ombe wa robo tatu, na asilimia ya mafuta inapotoka kabisa, kwa sababu maziwa ya mwisho ndiyo yenye mafuta mengi na ndiyo ndama anayoyapata.

Na kwa Jersey mafuta ndiyo sifa yake. Hukaribia 5%, wakati Friesian huwa chini ya 4 au hapo hapo. Chama cha Jersey kisichopima mafuta kinaacha nusu ya sifa ya ng'ombe wake. Sampuli mililita 40 zatosha. Mimina maziwa toka ndoo moja kwenda nyingine mara mbili tatu ndipo uchote, maana mafuta hupanda juu upesi. Changanya ya jioni na ya asubuhi kwa uwiano wa kilichotoka: jioni kilo 5, asubuhi 7, basi sampuli iwe sehemu 5 kwa 7. Sampuli ya jioni ikae kwenye baridi bila kuganda. Njia ya Gerber ya kupima mafuta inatosha kabisa na vifaa vyake hupatikana kwenye maabara za maziwa. Ombeni kupitia ushirika sampuli zenu zipimwe siku moja ya mwezi yenye kazi chache.

Mkiwa hapo, chuchu zipimwe kwa dawa ya kupimia kiwele kwenye sahani yenye vikombe vinne. Inayoganda kama ute, andika chuchu ipi. Ng'ombe ambaye chuchu hiyohiyo inarudi miezi mitatu mfululizo hatakiwi kuwa mama wa dume wa chama, hata akiwa na kilo nyingi.

Neno moja zaidi kuhusu kulinganisha. Mtamba wa uzao wa kwanza hutoa takriban robo tatu hadi 80% ya atakayotoa akikomaa. Mkipanga orodha ya "ng'ombe bora" kwa kilo ghafi, mtasifu wazee na kuchinja vijana wenu wazuri. Pangeni kwa uzao: wa kwanza kwa wa kwanza.

---

Mhimilishaji_Muheza

Nasoma kwa furaha. Niguse upande wa baba, ambapo daftari nyingi hufia.

Kwanza, "mbegu ya Jersey" si baba. Kwenye kila mrija wa mbegu kumeandikwa jina la dume, namba yake, na tarehe au bechi. Mbegu za Marekani zina msimbo wa kituo, herufi mbili za aina (JE ni Jersey, HO ni Holstein, ndugu wa Friesian, AY ni Ayrshire) na namba ya dume. Andikeni msimbo wote. Jina peke yake halitoshi, madume ya majina yanayofanana ni mengi. Mrija uliokwisha kutumika usitupwe: ubandike kwa utepe kwenye kadi ya ng'ombe. Huo ndio ushahidi rahisi kuliko wowote, na hauongezi gharama.

Kadi iwe nakala tatu: ya mfugaji, ya mhimilishaji, ya chama. Tarehe, saa, namba ya hereni, msimbo wa dume, ni mara ya ngapi. Mhimilishaji asiyeandika nakala ya chama asilipwe na chama. Semeni hivyo kwenye mkataba tangu mwanzo, na hakikisheni ni mtu anayetambuliwa na Baraza la Veterinari.

Pili, tatizo la siku mbili. Ng'ombe anahimilishwa Jumatatu, Jumatano mfugaji anaona bado analia, anampeleka kwa dume la jirani. Akishika mimba, baba ni nani? Hapo tarehe haziwezi kuamua. Kanuni ya kuandika: mapandisho mawili ya madume tofauti yasiyotenganishwa na mzunguko kamili wa siku 21 hivi, ndama anasajiliwa kwa upande wa mama tu mpaka vinasaba vithibitishe. Sehemu kubwa ya fujo hii huisha mkizingatia saa: aliyesimama kupandwa asubuhi ahimilishwe jioni, aliyesimama jioni ahimilishwe asubuhi inayofuata. Kupiga simu saa nne usiku kwamba "ameanza kulia" wakati hajasimama bado ni kupoteza mrija.

Tatu, ununuzi wa mbegu kwa pamoja. Hii ni huduma halisi ya chama na mnaweza kuianza mwaka huu. Mkiwa na ng'ombe 60 wa kupandishwa kwa mwaka, na mimba moja ikitumia mirija miwili hadi miwili na nusu, mnahitaji 120 hadi 150. Chagueni madume manne, si ishirini. Mkiwa na madume machache yaliyosambaa kwenye mabanda mengi, baada ya miaka mitatu mnaweza kuona binti za dume A wanafanyaje katika mabanda kumi tofauti. Kila mfugaji akiwa na dume lake, hamtaweza kutenganisha kazi ya dume na kazi ya pumba. Kituo cha taifa cha uhimilishaji, NAIC, kilichoko Usa River mkoani Arusha, ndicho cha kuanza kuulizia.

Panga mzunguko: binti wa A apandishwe na B, wa B na C, wa C na D, wa D na A. Baba kumpanda binti yake ni uzao wa ndugu wa 25%. Ndugu wa baba mmoja ni 12.5%. Ndama wanazaliwa dhaifu, mimba zinashindwa kushika. Kwa wenye dume la kijiji, kumbuka mimba miezi tisa na mtamba kuwa tayari kwenye miezi 15, jumla miaka miwili. Dume lisikae mahali pamoja zaidi ya hapo.

Mkisoma orodha ya madume ya nje, tazameni pia alama za vinasaba vyenye kasoro. Kwa Jersey ulizieni JH1. Dume mbebaji (lenye kasoro hiyo bila kuionyesha) kwa jike mbebaji, robo ya mimba hufa mapema, na mfugaji anachokiona ni ng'ombe aliyerudi joto. Analaumiwa mhimilishaji, kumbe ni mpango wa kupandisha. Chagua dume lililopimwa likaonekana halina.

---

Mama_Kange

Wanangu mmesema vizuri, lakini kuna mambo mawili hamjayagusa, na kwa pwani ndiyo yatakayoamua.

La kwanza ni kiwango cha damu. Karani kaeleza ngazi za kupanda hadi 93.75 kana kwamba kupanda ndiyo ushindi. Daftari linaruhusu, hali ya hewa ya Tanga haina uhakika wa kuruhusu. Siku ya nyuzi 31 na unyevu wa 75%, kipimo cha joto na unyevu kwa ng'ombe kinafika kama 84. Ng'ombe wa maziwa huanza kuumia kuanzia 72 hivi: anahema, anapunguza kula, joto lake la uzazi linafifia, mimba haishiki. Jersey ana mwili mdogo na anastahimili kuliko Friesian, lakini akiwa karibu safi bila kivuli kirefu, upepo na maji ya kunywa muda wote, mtaandika kupungua kwa maziwa mwezi Februari na Machi kila mwaka. Kwa hiyo chama kisifanye ngazi ya juu kuwa sharti la heshima. Ng'ombe wa 75% anayezaa kila baada ya miezi 13 na kukaa uzao sita awe juu ya orodha kuliko wa 93% aliyezaa mara mbili. Wekeni kwenye cheti muda kati ya uzao na uzao. Hiyo safu moja itawaambia wanunuzi ukweli wa pwani.

Kuna jeni la manyoya mafupi, yanayomsaidia ng'ombe kustahimili joto, liitwalo SLICK, lililojulikana sana kupitia Holstein wa Puerto Rico. Ndama akirithi nakala moja tu anakuwa na manyoya hayo. Mkiona dume la Jersey lenye alama hiyo kwenye orodha, lijadilini.

La pili ni umbile la kiwele. Vyama vya nje hutuma mkaguzi anayetazama ng'ombe kipande kwa kipande: kiwele cha mbele kimeshikamana vipi, cha nyuma kiko juu kiasi gani, mshipi wa katikati una nguvu, kina chake kiko juu ya goti la nyuma au chini, chuchu zimekaa wapi, miguu, nyonga. Kwa Holstein wa Marekani kiwele peke yake ni 40% ya alama zote, na alama 90 kwenda juu ndiyo daraja la Excellent. Si suala la uzuri. Kiwele kinachoning'inia kinakanyagwa, kinachafuka, kinaugua.

Lakini msinakili vipimo vyao bila kufikiri. Wao wanakamua kwa mashine, na chuchu fupi haziwasumbui. Sisi tunakamua kwa mkono. Chuchu ya sentimita tatu inakamuliwa kwa vidole viwili, mkamuaji anachoka, maziwa yanabaki, kiwele kinaugua. Tafuteni dume ambalo binti zake wana chuchu ndefu kidogo, karibu sentimita tano. Kwenye karatasi za madume urefu wa chuchu uko kwenye michoro ya umbile, mstari ukielekea fupi au ndefu. Wauzaji wengi hawautaji. Ulizeni.

Kukagua wenyewe kunawezekana. Teueni watu watatu, wapitie ng'ombe wa uzao wa kwanza tu, mwezi wa pili hadi wa nne baada ya kuzaa, kabla ya kukamua, wakati kiwele kimejaa. Alama 1 hadi 9 kwa kila kipande, 1 na 9 zikiwa ncha mbili za umbile, si mbaya na nzuri. Kwa urefu wa chuchu, 1 ni fupi sana, 9 ni ndefu sana, na mnayemtaka yuko 5 au 6. Watatu hao waanze kwa kukagua ng'ombe kumi walewale kila mmoja peke yake, ndipo walinganishe. Wakitofautiana zaidi ya alama moja, warudie mpaka macho yao yakubaliane. Mwenye ng'ombe asikague wa kwake.

---

Karani_wa_Nasaba

Mama Kange, nakubali hoja ya damu bila kinyongo. Basi ngazi ibaki taarifa ya nasaba tu, na orodha ya ubora itoke kwenye maziwa, uzazi na kiwele.

Na ili asilimia hizo zisiwe za kukisia, zipimwe kwa vinasaba inapowezekana. Mradi wa African Dairy Genetic Gains, ambao TALIRI (taasisi ya taifa ya utafiti wa mifugo) ilishiriki hapa nchini na Tanga ikawemo, ulifanya kazi hiyohiyo ya kuchukua kumbukumbu na sampuli kwa wafugaji wadogo. Watu wa TALIRI Tanga ni wa kuwafuata mapema, kabla hata ya kuandika katiba, ili fomu zenu zifanane na zinazosomeka kwenye mifumo yao.

Sampuli rahisi ni nywele. Zinang'olewa 30 hadi 50 kwenye ncha ya mkia, kwa kuvuta, ili vishina vitoke navyo. Nywele iliyokatwa kwa mkasi ni takataka, vinasaba viko kwenye shina. Mkia uwe mkavu na umesafishwa kinyesi, nywele ziwekwe kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa nailoni unatunza unyevu na kuvu vinaota, hasa hewa hii yetu. Namba ya hereni iandikwe juu ya bahasha kabla ya kung'oa, na mikono ioshwe kati ya ng'ombe na ng'ombe.

Si lazima mpime wote. Pimeni madume yote mtakayotumia kwa kupanda, na ndama wenye utata ule wa siku mbili. Kwa wengine, chagueni mmoja kati ya kumi kila mwaka, kwa kura. Mfugaji akijua kura inaweza kumwangukia, anaandika baba wa kweli.

---

Mfugaji_Pongwe

Tumekutana jana, vyeti vimeahirishwa. La mwisho: ada tuipange vipi, na nini cha kuandika kwenye kanuni tangu mwanzo?

---

Mizani_Maramba

Ada ya mwaka iwe ndogo, na kila huduma iwe na bei yake: kusajili ndama, kipimo cha mwezi kwa ng'ombe, kuhamisha umiliki. Usajili uwe wa bei ya chini ndani ya miezi mitatu ya kuzaliwa na upande kila robo mwaka. Mkiweka bei moja, watu watasajili siku wanapotaka kuuza, na kumbukumbu za kuzaliwa zitatungwa siku hiyo. Fedha za hereni na mizani zitengwe kwenye akaunti yake. Mkiamua kuwa chini ya ushirika uliopo badala ya kusajili chombo kipya, mnaokoa ukaguzi wa hesabu na ofisi, ila daftari liwe mali ya chama cha Jersey kwa maandishi.

Vijana wapeni kazi ya kupima. Kijana wa kidato cha nne akifundishwa siku mbili anajua mizani, sampuli na hesabu ya siku, na analipwa kwa ng'ombe aliowapima. Maonyesho ya Nane Nane Morogoro yasubiri mwaka wa pili. Kusafirisha ng'ombe anayekamuliwa toka Tanga kunashusha maziwa kwa siku kadhaa, kunahitaji kibali cha afisa mifugo, na anarudi na kupe wa mabanda mengine.

---

Karani_wa_Nasaba

Kwenye kanuni, vitu vitatu visisahaulike. Umiliki unahamishwa kwa fomu iliyosainiwa na muuzaji, mnunuzi na karani. Bila hiyo cheti kinabaki cha mwenye zamani. Kosa daftarini halifutwi: linapigwa mstari mmoja, sahihi na tarehe pembeni, na sahihisho linaandikwa chini yake. Na ng'ombe akifa au akichinjwa, hereni irudishwe kwa karani ndani ya siku 30, sababu iandikwe (ndigana, kiwele, kuzaa, ajali, au kuuzwa kwa nyama). Mkifikisha miaka mitatu, kurasa hizo za waliokufa ndizo zitakazowaonyesha ni madume yapi binti zake hawadumu, jambo ambalo kilo za maziwa hazitawaonyesha.